Gazeti linaloegemea serikali limeweka ukuta wa malipo mtandaoni: tulipie au tuache?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo nimekuwa nikibishana na jamaa zangu kwa wiki kadhaa, na kila tukikaa tunaachana kila mtu na lake. Nimeona nililete hapa tulichambue. Gazeti linaloegemea serikali, iwe ni mali ya serikali yenyewe, iwe serikali ina hisa kubwa ndani yake, au ni la tajiri anayeishi kwa zabuni za wizara, linakufungia habari mtandaoni. Unasoma aya mbili za mwanzo, ya tatu inafifia, kinatokea kisanduku: lipia kwa mwezi uendelee kusoma. Je, ulipie?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema nisimpotezee mtu muda: mimi silipii. Ila wengi wanadhani naona habari ni kitu cha bure, na hapo ndipo wanaponielewa vibaya.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwandishi akikaa mahakamani siku tatu kufuatilia kesi ya ardhi, kuna mtu amelipa nauli yake, na kuna mtu anamlipa mshahara mhariri aliyempigia simu saa nne usiku kuuliza kama jina la shahidi limeandikwa sawasawa. Kwa miaka mingi mzigo huo ulibebwa na matangazo. Pesa uliyompa muuza magazeti ilikuwa inachangia tu. Matangazo yalipohamia Google na Facebook, vyumba vya habari vikabaki vinatazamana na msomaji. New York Times iliweka ukuta wake Machi 2011, makala 20 kwa mwezi bure, ya 21 unalipia, na wapo waliosema inajichimbia kaburi. Mwaka uliofuata fedha za wasomaji zikawa zimezipita za matangazo, na leo wanaoilipia wamevuka milioni 10. Kwa hiyo wazo la kulipia habari naliunga mkono kwa mikono miwili.

Swali langu ni hili: pesa yangu ikiingia kwenye gazeti, inaninunulia nini zaidi ya ruhusa ya kusoma?

Inaninunulia kusikilizwa, lakini kwa sharti moja: siku nikiiondoa, waumie. Oktoba 2024 mmiliki wa Washington Post alizuia gazeti lake lisitangaze linamuunga mkono mgombea gani wa urais. Ndani ya siku chache wasomaji zaidi ya 200,000 walisitisha malipo yao. Unaweza kusema walikosea, maana mhariri naye hapaswi kuwa mtumwa wa wateja wake. Mimi mwenyewe naona walikuwa na haraka. Lakini hakuna aliyekuwa na shaka kwamba wamesikika. Mmiliki alilazimika kukaa chini na kuandika makala ya kujieleza.

Sasa njoo kwenye gazeti ambalo serikali ndiyo nguzo yake. Chukua Singapore. Straits Times lipo tangu 1845, na tangu sheria ya magazeti ya 1974 kampuni za magazeti huko zina hisa maalumu za uongozi ambazo hazishikwi bila idhini ya serikali, na hisa hizo ndizo zenye kura nzito katika kuchagua wakurugenzi. Mwaka 2021 biashara ya magazeti ilipozidi kuzorota, ilihamishiwa kwenye kampuni isiyo ya faida, SPH Media, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Khaw Boon Wan, waziri mstaafu. Mwaka 2022 serikali ikaahidi kuipa hadi dola milioni 180 za Singapore kila mwaka kwa miaka mitano. Na kumbukeni kwamba Straits Times lina ukuta wa malipo, na wasomaji wanalipa.

Januari 2023 ikabainika kwamba kati ya Septemba 2020 na Machi 2022 kampuni ilitangaza mauzo yaliyozidi ukweli kwa nakala kati ya 85,000 na 95,000 kwa siku. Kuna nakala zilizochapwa, zikahesabiwa, kisha zikaharibiwa. Hebu ifikirieni hiyo. Mashine inanguruma usiku, karatasi na wino vinateketea, gazeti linatoka likiwa bado la moto, na halina msomaji hata mmoja anayelisubiri. Waziri alipoulizwa bungeni alieleza kwamba fungu la serikali halikutolewa kwa kuangalia idadi ya nakala. Naamini alisema kweli, na kwangu hilo ndilo zito kuliko udanganyifu wenyewe. Wasomaji karibu laki moja waliokuwepo kwenye vitabu tu walipofutwa, fungu liliendelea. Sasa mimi msomaji mmoja nikisitisha malipo yangu ya mwezi, nani atageuka kuniangalia?

Mkono mtupu haulambwi, na mhariri anaujua mkono ulionona ni upi.

Halafu kuna suala la kulipa mara mbili. Gazeti la namna hii tayari unalilipia kupitia kodi: ruzuku, matangazo ya wizara, nakala zinazonunuliwa na ofisi za umma kila asubuhi. Matangazo hayo ni fimbo pia. Machi 2023 Rais wa Uganda aliagiza matangazo yote ya serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la serikali. Machi 2024 serikali ya Kenya ikaagiza yake ya redio na televisheni yaende KBC, shirika lake la utangazaji. Vyombo binafsi vya habari vilibaki vikihesabu hasara, na fedha inayotembezwa hivyo ni ya mlipakodi, yangu na yako. Baada ya kuichukua huko, mtu anakuja tena kwenye simu yako kukudai ada ya kusoma hotuba ya waziri.

La mwisho, halafu niwaachie nafasi. Septemba 2010 viongozi watano walipigwa picha wakitembea Ikulu ya Marekani wakienda kwenye mazungumzo ya amani. Obama alikuwa mbele, Mubarak wa Misri nyuma pembeni. Al-Ahram la Misri, gazeti lililoanza 1875 na kutaifishwa 1960, liliichapa picha hiyo Mubarak akiwa mbele ya wote, Obama akimfuata. Walimkata alipokuwa wakambandika kwenye zulia jekundu. Mhariri mkuu alipobanwa alitetea kwamba picha ilikuwa inaeleza nafasi ya Misri katika mazungumzo. Miezi mitano baadaye Mubarak hakuwa madarakani tena. Msomaji aliyelinunua gazeti lile asubuhi ile alilipia nini?

Karibuni.

#2 Mchangiaji

Nimesoma yote mkuu. Naunga mkono hoja, ila usiwachanganye waandishi na wakubwa wao. Humo ndani kuna watu wanaoijua kazi kuliko hawa wa mitandaoni wanaonakili habari za wenzao.

#3 Mchangiaji

Nimefanya kazi kwenye gazeti la aina hii miaka minane, silitaji. Nataka niwaonyeshe jambo linavyokuwa, kwa sababu watu wengi wanafikiri kuna mtu anakaa ofisini na kutunga uongo. Kwa miaka minane sikumbuki hata mara moja kuambiwa niandike uongo.

Siku moja nilitumwa kwenye kituo cha afya kuandika habari za chanjo. Nikiwa pale, muuguzi akanifungulia chumba cha dawa. Rafu zilikuwa tupu, zimebaki maboksi mawili ya glavu na katoni ya pamba. Akanitolea daftari la shule, lile la kurasa 96, alimokuwa akiandika majina ya wagonjwa aliowarudisha wakanunue dawa wenyewe. Wiki hiyo pekee yalikuwa majina 43, na mbele ya kila jina ameandika dawa aliyoikosa. Majina matano yalikuwa na alama ya msalaba. Nilimuuliza ile alama ni ya nini, akalifunga daftari.

Nikaiandika habari hiyo usiku uleule. Mhariri wangu, mtu mzuri na aliyenifundisha mengi, akasema habari imesimama, ila tusiiache bila kauli ya wizara. Sahihi kabisa, ndivyo taaluma inavyotaka. Wizara ikatoa kauli: dawa zimeshaagizwa. Asubuhi kichwa cha habari kikawa serikali kumaliza uhaba wa dawa. Aya ya kwanza waziri, ya pili katibu mkuu, ya tatu bajeti ya mwaka. Daftari likashuka mpaka aya ya tisa, na gazeti lilipojaa matangazo wakakata kuanzia aya ya nane. Kila neno lililochapwa lilikuwa kweli. Nilibaki nimeshika nakala, jina langu limeandikwa juu yake kwa herufi nzito.

Kuhusu malipo ya mtandaoni, tulipoweka ukuta tuliambiwa sasa tutamsikiliza msomaji. Ndani ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya waliolipia ilikuwa akaunti za taasisi: wizara, mashirika, halmashauri, zimenunuliwa kwa mkupuo. Waliokuwa wakituandikia habari ndio haohao waliokuwa wakitulipia kuisoma. Msomaji wa kawaida alikuja kutafuta matokeo ya mitihani na nafasi za kazi, akaondoka.

#4 Mchangiaji

Kaka mleta uzi, na wewe kaka wa #3, poleni, lakini mimi napingana nanyi na nitaeleza kwa nini.

Mnachosema ni kwamba gazeti linailamba serikali kwa kuwa serikali ndiyo inayolilisha. Sawa. Sasa mnataka tufanye nini? Tususie, ili serikali ibaki mlishaji pekee? Hiyo ni kumfunga mtu kamba halafu umlaumu kwamba hakimbii. Kama wasomaji wangelipa kwa wingi, mhariri angekuwa na pa kusimamia siku akipigiwa simu na mkubwa.

Na mifano ipo. New Vision ya Uganda ilianzishwa na serikali 1986, lakini chini ya mhariri wake William Pike, mpaka alipoondoka 2006, ilichapa mambo mengi yaliyowakera wakubwa. Mwaka 2004 hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma kwenye soko la hisa, na baadaye serikali ikabakiwa na zaidi ya asilimia 53. Kuna faida hapo ya kutafutwa na wenye hisa wengine wanaotaka gawio, na gazeti lisiloaminika haliuziki.

Halafu tusijifanye kwamba kila kinachotoka serikalini ni propaganda. Msomaji ana haki ya kujua serikali yake imesema nini, kwa ukamilifu, bila kukatwakatwa na mtu mwenye hasira. Kuna magazeti binafsi yanayoandika habari za bahasha kila siku, mfanyabiashara akitoa nauli anapata ukurasa mzima. Hayo hamyaongelei. Mtu akiwa huru kutoka serikalini haina maana kwamba yuko huru.

#5 Mleta uzi

Dada, umenibana vizuri na sitajibu kwa haraka.

La bahasha nakubali moja kwa moja. Gazeti binafsi lililonunuliwa na mfanyabiashara nalo silipii, kwa sababu ileile.

La New Vision nalikubali nusu. Ni kweli Pike alichapa mambo makali. Lakini tuangalie kilichomlinda kilikuwa nini. Kwa kadiri ninavyoona mimi, kilichomlinda ni kwamba kwa miaka ile yote wenye mamlaka walivumilia. Ulinzi wa namna hiyo unakwisha siku uvumilivu ukiisha, na wenye asilimia 47 hawana kura ya kuuzuia usiishe.

Kuna kisa kingine cha karibu yetu nakifikiria sana. Tarehe 5 Februari 1970, siku ya kumbukumbu ya Azimio la Arusha, gazeti la The Standard la Tanzania lilitaifishwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa cheo, na mhariri mtendaji akawekwa Frene Ginwala, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Nyerere aliandika waraka wa kuliongoza gazeti hilo: liunge mkono ujamaa, lakini liwe huru kukosoa matendo ya viongozi wa TANU na wa serikali. Sijui kama kuna kiongozi mwingine wa wakati ule aliyelipatia gazeti la serikali ruhusa iliyo wazi hivyo, kwa maandishi. Na Ginwala aliitumia. Mwaka 1971 mtawala wa Sudan, Nimeiri, alipowanyonga wakomunisti, gazeti likaandika tahariri ya kulaani. Ginwala akaondolewa. Aprili 1972 Standard likaunganishwa na The Nationalist la chama, likazaliwa Daily News, na mhariri akawa Benjamin Mkapa.

Sikisemi kisa hiki kumshusha Nyerere. Nakisema kwa sababu mazingira yalikuwa mazuri kuliko unayoweza kuyaomba: kiongozi mwenye nia njema, waraka uliosainiwa, mhariri jasiri, na wasomaji waliolinunua gazeti kwa pesa zao kila siku. Hao wa mwisho hawakuwa na neno katika uamuzi ule. Nakala walizonunua hazikumbakisha Ginwala kazini hata siku moja zaidi. Mwanamke huyo mwaka 1994 akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini, na Mkapa mwaka uliofuata akawa Rais, kwa hiyo tatizo halikuwa watu wadogo.

Ndiyo maana nasema kulipa bila kushika kitu chochote kwenye mfumo wa umiliki ni sadaka. Nipe bodi isiyoteuliwa na waziri, nipe sheria kwamba mhariri hafukuzwi kwa tahariri, hapo nitalipa bila kusukumwa. Kwanza, hapo gazeti litakuwa limeacha kuwa la serikali, limekuwa la umma. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya. Uingereza kila kaya yenye televisheni inalipa ada ya BBC. Ada hiyo haipitii mkononi mwa waziri kila mwezi akiamua atoe au abane. Inawekewa utaratibu wa miaka. Haina maana kwamba hawabanwi, ugomvi wao na serikali zao hauishi. Lakini tazama jambo moja: mwaka 2025 BBC ilipoanza kudai malipo kwenye tovuti yake, iliwadai wasomaji wa Marekani. Mwingereza aliyekwisha kulipa ada hakufungiwa mlango. Huo ndio ustaarabu ninaoutaka. Aliyelipa kwa njia moja asidaiwe kwa nyingine.

#6 Mchangiaji

Mimi sina mengi ya falsafa. Nafuatilia zabuni na matangazo ya minada kwa ajili ya kazi zangu. Haya yanatoka kwenye gazeti la serikali kwanza. Wakiyafunga nafanyaje? Nalipia tu, sina ujanja.

#7 Mleta uzi

Mkuu wa #6, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na umeligusa kwa sentensi tano.

Fikirieni mtu anayeshtakiwa na hajulikani alipo. Mahakama inaamuru aitwe kwa tangazo la gazetini. Tangazo likishatoka, sheria inahesabu kwamba ameitwa, na kesi inaweza kuendelea bila yeye. Au nyumba iliyowekwa rehani benki: notisi ya mnada inatoka gazetini, siku zinahesabiwa, zikiisha nyundo inagongwa. Utaratibu mzima umesimama juu ya dhana moja, kwamba gazeti liko mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuliona. Zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli wake. Gazeti lilibandikwa ubaoni, liliachwa juu ya meza ya kinyozi, mtu alifungiwa maandazi ndani yake akasoma jina la jirani yake. Ukurasa huohuo ukihamia nyuma ya ukuta wa malipo, sheria bado inasema umeambiwa, na wewe hujaambiwa.

Na aliyelipia tangazo hilo ni nani? Mahakama, benki, halmashauri. Nafasi imeshalipiwa kwa bei kubwa ya sentimita kwa safu. Kumdai msomaji tena ili aone kwamba nyumba yake inauzwa, hapana. Hilo hata gazeti likiwa la malaika lisifanye. Matangazo ya lazima kisheria yatoke wazi yote, siku ileile, na yabaki yanatafutika kwa miaka.

#8 Mchangiaji

Vipi kupiga picha skrini na kutupia kwenye magrupu? Maana ndivyo tunavyosoma wengi. Tuwe wakweli.

#9 Mleta uzi

Notisi za umma, tupia bila woga, unawasaidia watu. Habari ya uchunguzi ya gazeti dogo linaloishi kwa wasomaji, usifanye hivyo ndugu yangu. Pale kila picha unayotupia unamnyima mtu siku moja ya mshahara. Waandikie wenzako ulichokielewa, waambie imetoka wapi, mwenye uwezo alipie.

#10 Mchangiaji wa #4

Nimerudi. Nimekuelewa kuhusu umiliki, na la notisi sina ubishi nalo. Lakini bado hujanijibu kuhusu msomaji asiye na uwezo. Ukisema tulipie yale magazeti huru, na ya serikali yaache milango wazi, si ndiyo umetengeneza dunia ambamo maskini anasoma kauli ya wizara bure na tajiri anasoma daftari la muuguzi kwa pesa? Hilo linanitisha kuliko ukuta wowote.

#11 Mleta uzi

Linanitisha na mimi, na sina jibu lililokamilika. Usiku nimelala nalo.

Ninachoweza kusema ni kwamba kulipia na kufunga ni mambo mawili tofauti. Guardian ya Uingereza haijafunga habari zake kwenye tovuti. Inawaomba wasomaji wachangie, na wanaochangia kila mwezi wamepita milioni moja duniani. Aliyechangia anamsomea asiyeweza. Linasimama kwa sababu nyuma yake kuna mfuko wa dhamana ulioanzishwa 1936 kulilinda lisiuzwe, kwa hiyo si kila mtu anaweza kuiga. Lakini Hungaria wameiga bila mfuko. Julai 2020 mhariri mkuu wa tovuti ya habari ya Index, Szabolcs Dull, alifukuzwa, na waandishi zaidi ya 70 wakaacha kazi pamoja naye. Kabla hawajaandika hata habari moja waliomba wananchi wachangie, na Oktoba mwaka huohuo wakafungua Telex, wazi kwa kila msomaji. Nchi ndogo, lugha isiyosomwa na wengi nje ya mipaka yake, serikali iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya matangazo. Watu walitoa pesa zao kwa ajili ya ahadi tu, kwa sababu walikuwa wamewaona wale waandishi wakibeba vitu vyao na kutoka mlangoni.

Poland nako, serikali ya 2015 ilipoondoa matangazo ya mashirika ya umma kwenye Gazeta Wyborcza, wasomaji ndio waliolishika. Kufikia 2019 waliolilipia mtandaoni walikuwa zaidi ya 200,000. Pale ukuta ulikuwepo, na sikulaumu mtu, walikuwa wanapigania uhai.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu kwa mwenye uwezo: kile ambacho ungelipia gazeti linaloegemea serikali, kipeleke kwa wanaoacha mlango wazi. Hapo kidogo tunampunguzia yule asiye nacho.

Na kuna kitu kimoja ningelipia kwa gazeti la serikali lolote, nisiwe mkaidi. Maktaba yao. Miaka hamsini, sitini ya kurasa, na picha za watu ambao hata familia zao hazina picha zao nyingine. Kuyaingiza kwenye kompyuta yale makaratasi kabla mchwa hawajayamaliza kunahitaji fedha, na hapo nikiombwa natoa.

#12 Mchangiaji

Swali kwa mkuu wa #3. Ile habari ya daftari, iliishia hapohapo?

#13 Mchangiaji wa #3

Hapana. Yule muuguzi aliisubiri gazetini, akakuta ya waziri. Hakunipigia kunilaumu, ingawa nilikuwa nasubiri simu yake. Baada ya wiki tatu ilitoka kwenye tovuti moja ndogo, wako waandishi watano tu, mwisho wa kila habari wanaomba mchango. Walikuwa wamelipiga picha daftari ukurasa kwa ukurasa, majina wameyafunika. Alama za msalaba zilikuwa zimeshafika tisa.

Niliisoma nikiwa kwenye chumba chetu cha habari, kwenye kompyuta ya ofisi. Nilipofika mwisho nikatoa simu nikachangia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipia habari mtandaoni, na mimi nilikuwa mwandishi. Bado nawachangia kila mwezi.